Mnafu, Flagyl na kidonge cha wafarini

Wengi huiita dawa ya kulainisha damu, lakini wafarini haifanyi damu kuwa nyepesi, inaichelewesha tu kuganda. Kipimo chake ni INR, namba inayoonyesha damu yako inachelewa kiasi gani kuganda. Aliyewahi kupata donge la damu mguuni hulengwa kati ya 2 na 3. Mwenye valvu ya chuma kwenye moyo mara nyingi huwekwa juu kidogo. Namba ikishuka donge hujijenga, ikipanda damu huvuja.

Meza jioni, muda ule ule, tuseme saa mbili usiku. Majibu ya INR yakitoka mchana, daktari anaweza kubadilisha dozi ya siku hiyo hiyo. Hesabu miligramu, usihesabu vidonge: vipo vya 1, vya 3 na vya 5. Aliyeandikiwa 2.5 hukata cha 5 katikati. Siku duka likimpa vya 3 naye akaendelea kukata nusu, anameza 1.5 bila kujua. Ukisahau na ukakumbuka kabla ya kulala, meza. Ukikumbuka kesho yake, hiyo imepita. Usimeze mbili, iandike kwenye daftari la kliniki.

Sasa mboga. Mnafu, mchicha na majani ya maboga vina vitamini K nyingi, ambayo hupingana na dawa. Kumwambia mtu wa Moshi aache mnafu ni kupoteza muda, na wala haihitajiki. Dozi hupangwa kufuata mlo wako, kwa hiyo anayekula mboga mara nne kwa wiki aendelee na nne. Kasheshe ni Desemba, watu wakirudi nyumbani: wiki nzima ni nyama na mbege, pombe ya ndizi, mboga haionekani, INR inapanda. Pima ukirudi.

Kinachoumiza zaidi ni dawa za kujinunulia. Flagyl na Septrin (antibiotiki) na flukonazoli ya fangasi hupandisha INR ndani ya siku chache. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha sana. Daktari akikuandikia mojawapo, mwambie unatumia wafarini na uombe kupimwa baada ya siku 3 hadi 5. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ya maumivu achana nazo, kwani huchubua tumbo na kuzidisha kuvuja. Kichwa kikiuma, parasetamoli inatosha, bila kuifanya ya kila siku. Sindano ya msuli ikatae mpaka anayekuchoma ajue unameza nini, na kabla ya kung'oa jino sema mapema.

Mwanamke anayetaka kushika mimba amwone daktari kabla, maana dawa hii humdhuru mtoto.

Choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, au pua isiyoacha kutoka damu baada ya kuibana dakika 10: nenda hospitali na pakiti ya dawa mkononi. Ukianguka na bodaboda ukagonga kichwa, nenda hata kama hujisikii chochote. Damu ndani ya fuvu inaweza kuchukua saa nyingi kabla ya kuonyesha dalili.