Watu wa usalama wakija msikitini, kamati ifanye nini

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti mmoja hapa Mumias, magharibi mwa Kenya, mwalimu mstaafu. Kazi yangu ya kawaida ni bili ya maji, mikeka na ratiba ya futari. Mwaka mmoja, mwezi wa Ramadhani, watu wawili wa usalama walinikuta dukani kwangu wakataka majina ya vijana waliokaa itikafu, yaani waliobaki msikitini kwa ibada. Niliogopa. Nikawatajia wanne, na kwa mmoja nikaongeza kwamba amefuga ndevu na hasalimiani tena na wasichana. Kijana yule alichukuliwa Alhamisi, akarudi Jumanne bila kushtakiwa kwa lolote. Mama yake hakunitukana. Alisimama mlangoni akaniuliza, "Mwalimu, uliwaambia nini?"

Yanayofuata ni yale ambayo ningependa mtu angenieleza kabla ya siku ile.

Kaeni kamati nzima, kabla hamjagongewa mlango, mkubaliane ni mambo gani yanawahusu polisi na yapi hayawahusu. Kifungu cha 32 cha Katiba kinampa kila mtu uhuru wa kuamini na kuabudu, peke yake au pamoja na wengine. Kwa hiyo ndevu, nikabu, suruali fupi, kuacha kuja kwenye maulidi, au kubishana na imamu kuhusu kunuti, ile dua ya ndani ya swala, si habari za kupelekwa kituoni. Yanaweza kutukera, na tutayajadili wenyewe kwa elimu.

Yanayowahusu polisi ni vitendo. Mtu anawavuta vijana kando baada ya Isha na kuwaambia wasiwaeleze wazazi. Anawaahidi kazi nje ya nchi lakini hataki jina la mwajiri litajwe. Anasambaza video za kuchinja watu, anakusanya pesa zisizo na risiti, anasema damu ya jirani Mkristo ni halali. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inamfunga hadi miaka 30 anayesajili watu katika kundi la kigaidi. Hapo hakuna uhuru wa dini unaovunjwa, na kunyamaza ni kumtoa kafara mtoto wa mwenzako.

Wachungaji tunaokutana nao katika kikao cha dini mbalimbali nimewaambia hayo hayo. Kule msitu wa Shakahola, Kilifi, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga chakula hadi kufa, mwaka 2023 zilifukuliwa maiti zaidi ya 400. Jambo la kuripoti lilikuwa watoto kunyimwa chakula. Imani ya siku za mwisho peke yake haikuwa kosa. Na huku kwetu magharibi tunajua upande wa pili pia: Dini ya Msambwa, dini ya kimila iliyoongozwa na Elijah Masinde, ilipigwa marufuku na wakoloni mwaka 1948, Kenya huru nayo ikaipiga marufuku tena. Wafuasi wake hawakwisha.

Sasa, siku wakija. Wakaribishe ofisini, si katikati ya swala, na msiwe chini ya wawili upande wa kamati. Uliza jina, nambari ya kazi na kituo, uandike mbele yao kwenye daftari pamoja na saa. Wakitaka orodha ya waumini, jibu kwa upole: "Afande, tuleteeni ombi kwa maandishi, kamati italijibu." Usitoe jina hata moja kwa mdomo. Wakiwa na kibali cha mahakama cha kupekua, kisome chote, kisha wafungulie. Omba upande wa wanawake uingiwe na askari wa kike, na viatu vivuliwe. Wakikataa, usizuie mlango. Andika.

Mtu akikamatwa, tazama saa kwanza. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kunyamaza na kuzungumza na wakili, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama ikiwa muda huo unaishia wikendi au sikukuu. Kwa kesi za ugaidi hakimu anaweza kuongeza siku za kumshikilia, lakini ni hakimu anayeamua. Mwambie ndugu yake aende kituoni akachukue nambari ya OB, daftari la matukio la polisi, usiku huo huo. Akipigwa au akifichwa, malalamiko yapelekwe kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, na daftari lako ndilo litakuwa na tarehe.

Na siku ambayo ni wewe unayepaswa kwenda kuripoti? Ikiwa bado ni maneno tu, anza na wazazi na imamu. Vijana wengi hurudi wakipata mtu wa kujibu maswali yao bila kuwatisha. Ikiwa kuna safari iliyopangwa au silaha, usingoje asubuhi, nenda kituoni ukiwa na mjumbe mwenzako. Andika ulichokiona kwa macho yako na ulichosikia kwa masikio yako, siku gani, wapi, nani mwingine alikuwepo. Uvumi uache nje.

Kabla ya kutia sahihi, msomee mwenzako ripoti kwa sauti. Kama umeandika ndevu mahali popote, zifute.