Kempa ikishapakiwa ipeleke mzani kwanza, yasikukute ya kwangu

Ndugu zangu wa Mbeya, Iringa na Njombe mlioko huko Uingereza, kamwene. Naandika nikiwa likizo hapa Uyole, malori yanapita usiku kucha kwenda Tunduma na kila likipita naikumbuka ile siku yangu ya aibu, nikasema acha niandike maana najua wapo wanaopanga kununua kempa, yani lile gari lenye kitanda, jiko na choo humo humo.

Mimi nimekulia pembeni ya barabara hii. Mzani wa Makambako naujua, wa Mpemba naujua, mjomba wangu kaendesha semi miaka mingi, lakini kichwani niliamini mzani ni wa malori. Hapo ndo nilipopigwa. Tunaenda Scotland na familia, wakaguzi wakatusimamisha, gari likapimwa. Kempa nyingi kule mwisho wake ni kilo 3,500, na aliyefaulu mtihani wa gari dogo kuanzia Januari 1997 haruhusiwi kuvuka hapo bila leseni ya daraja la C1, ile ya magari makubwa zaidi (leseni ya nyumbani inakubeba miezi 12 tu, hilo mnalijua). Yangu ikasoma 3,640. Nikadhani ndo kesi yenyewe, kumbe kesi ni ekseli ya nyuma, yani kile chuma kinachobeba tairi za nyuma, mwisho wake kilo 2,000 ikasoma 2,260. Faini pauni 200 na gari halisogei mpaka mzigo upungue. Hakuna cha "kaka tuongee", jamaa mpole kama mchungaji wa Moravian ila karatasi anaandika.

Muuzaji aliniambia inabeba kilo 400 na mimi sikuuliza 400 baada ya kutoa nini. Uzito wa gari kwenye makaratasi umeshahesabu dereva mmoja wa kilo 75 na tanki la mafuta asilimia 90. Mke, watoto, betri ya pili, sola, turubai la kivuli, baiskeli, vyote vinakula kwenye hizo hizo 400. Maji lita moja kilo moja, mimi nikajaza lita 100 nyumbani wakati kambi tunayoenda ina bomba! Halafu ndo vitu vyetu sasa, mchele wa Kyela kilo 25, mkaa, viti, na sufuria kubwa za msiba za kikundi cha kina mama, eti tutapika pilau ziwani.

Na vyote nikavisukumia kwenye buti la nyuma kabisa. Hapa nisikilizeni vizuri, mzigo ukikaa nyuma ya tairi za nyuma unafanya kazi kama mtaimbo, kilo 100 zinaikandamiza ekseli ya nyuma kwa zaidi ya kilo 100 na mbele gari linanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi. Mjomba nilipompigia alicheka mpaka akakohoa, "mwanangu, umepakia bila kuangalia ekseli?"

Kwa hiyo pakia kama unaondoka, watu wote ndani, nenda mzani wa umma, unalipa hela kidogo, pima mbele, pima nyuma, pima lote. Usipime gari tupu. Narudia, usipime gari tupu. Vizito viwe chini sakafuni, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, juu weka mablanketi na mikate. Na usijiambie kilo 100 si kitu, malori yanayokata breki kwenye mteremko wa Inyala tumeyaona wote.

Mama mdogo na shangazi zangu wa Tukuyu, nawapenda, ila mkija kututembelea masanduku mawili kila mtu hapana, kempa siyo Coaster ya Kyela ambayo konda anasema sogeeni nyuma kuna nafasi. Na msidhani kulala kwenye gari ni kwamba tumefukuzwa nyumba, tunatembea tu.

Ingawa kusema kweli wazungu nao wananishangaza, mtu ana nyumba ya vyumba vinne halafu Ijumaa analipia kwenda kulala kwenye gari uwanjani. Jirani yangu mjini mwaka wa tatu hajui jina langu, lakini kambini mzee mmoja alitoka na geji yake akanipimia upepo bila kuombwa, akanionyesha namba nne ubavuni mwa tairi, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Kempa inakaa sana imepaki, tairi zinazeeka kabla ya kuwa kipara, kwa hiyo angalia umri.

Mengine ni mepesi. Msimu wa baridi chukua gesi ya propeni, biuteni ikifika nyuzi sifuri haitoki. Kabla barafu haijaanza mwaga maji yote, acha bomba wazi, wewe wa Makete unajua asubuhi za mwezi wa saba, sasa maji yakiganda ndani ya pampu yanatanuka na kuipasua.

Siku ile nilimwaga tanki lote pale pale, jamaa mmoja akaja na gari lake kuchukua mkaa, mchele na zile sufuria. Mchele alikula. Sufuria kina mama wananiuliza mpaka leo.