Gari inagonga miguu ya mbele? Tafuta kinachogonga kabla hujaenda Gerezani

Wakuu, hapa Dar gari ikianza kugonga chini, jibu la kwanza gereji ni "miguu imekwisha yote". Unaandikiwa shokapu, bushi, bol jointi, linki, unaenda maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, unarudi na mfuko wa spea na nusu ya vilivyotolewa vilikuwa bado vizima. Siyo kwamba mafundi wote wezi, ila kubadilisha vyote ni rahisi kuliko kukaa kutafuta kimoja. Sasa hiyo ya kutafuta fanya mwenyewe, haitaki mashine, inataka barabara mbovu tu na hizo tunazo, ingia Goba au Kinyerezi za ndani huko chagua unayotaka.

Naongelea hizi gari zetu za kawaida, IST, Vitz, Passo, Premio. Mguu wa mbele ni ule ule: shokapu imesimama katikati ya springi, juu imeshikwa na maunti, chini kuna amu, ule mkono wa chuma, yenye bushi (raba) mbili upande wa ndani na bol jointi, kiungo cha duara, upande wa tairi. Ongeza taidrodi ya usukani na stabilaiza linki, kile kifimbo kinachounganisha mguu na stabilaiza (chuma kinachounganisha upande wa kushoto na wa kulia), basi, hakuna mengine mengi.

Anza na masikio. Zima redio, shusha vioo. Panda tuta taratibu tairi zote mbili za mbele zikipanda pamoja, halafu tafuta njia ya vumbi yenye vishimo ambapo tairi zinapanda kwa zamu. Kama kwenye tuta kimya ila kwenye vishimo inapiga kokokoko, shuku stabilaiza linki kwanza, kwa sababu stabilaiza inafanya kazi pale upande mmoja unapopanda kuliko mwingine, zikipanda zote sawa yenyewe imekaa tu. Na linki ni kati ya spea za bei rahisi kabisa za mguu wa mbele, kwa hiyo mtu akikuambia shokapu zimekufa kwa mlio wa hivi, usitoe hela bado.

Ukikanyaga breki inapiga ko moja na ukiondoka inapiga ko nyingine, hizo ni bushi za amu, mara nyingi ile kubwa ya nyuma. Ukizungusha usukani gari imesimama ukasikia springi inajikunja halafu inaruka, angalia maunti na beringi yake. Shokapu iliyochoka mara nyingi haigongi hata, ila gari inaendelea kunesanesa baada ya tuta, kwenye rasta mbele inatetemeka unahisi tairi hazishiki lami vizuri, na ukipapasa tairi unakuta imeliwa mabonde mabonde. Chungulia pia kwenye bomba lake, jasho jepesi la mafuta siyo kesi, ila kama imelowa na vumbi limeganda juu yake hiyo imekwisha.

Baada ya hapo nyanyua gari. Weka kabari tairi za nyuma, piga jeki, halafu weka stendi za chuma. Tofali la saruji siyo stendi wakuu, linapasuka bila kukuaga. Shika tairi juu na chini utikise. Ikicheza, mwambie mtu akanyage breki utikise tena: ikiacha kucheza ni beringi ya tairi, ikiendelea ni bol jointi. Kisha shika kushoto na kulia utikise, ikicheza hapo ni taidrodi, na ukiweka kidole kwenye kiungo chake wakati unatikisa unaisikia kabisa. Bushi zipime kwa mtaimbo, ingiza kati ya amu na inapofungwa uusukume, raba iliyochanika inajifungua mdomo. Angalia na vile vikava vya raba vya bol jointi, kikichanika msimu wa mvua matope yanaingia na bol jointi haina muda mrefu tena. Linki peke yake usiipime ukiwa umenyanyua upande mmoja, stabilaiza inakuwa imejikaza na linki mbovu inaonekana nzima. Ipime tairi zote zikiwa chini, kwenye shimo la gereji.

Kwenye manunuzi, nenda na kile cha zamani mkononi pamoja na namba ya chesisi, maana "ya IST" haitoshi, kuna NCP60, NCP61, na NCP65 ambayo ni fowili (tairi zote nne zinavuta). Boksi lenye jina kubwa la spea za Japani kama 555 au Kayaba lisikutoe macho, maboksi yanachapishwa, angalia kitu chenyewe. Used ya Japani mimi nakubali kwa amu ya chuma, ila bushi na bol jointi nanunua mpya, raba inazeeka hata ikikaa stoo. Shokapu badilisha mbili mbili, kushoto na kulia.

Kufunga linki hata wewe unaweza. Nyanyua pande zote mbili, nati ni namba 14 au 17, na ukiona inazunguka na pini yake weka elen key katikati uishikilie. Bol jointi toa kotapini, legeza nati, halafu gonga nyundo ubavuni mwa chuma kilichoshika pini, usigonge ncha yenye nyuzi. Shokapu mpelekee fundi mwenye kifaa cha kubana springi, na ukimuona anataka kufungua nati ya katikati pale juu bila kubana springi kwanza, mzuie, ile ikiruka inaua.

Bushi ndo watu wanapigwa. Zinaingizwa kwa presi, zikae upande ule ule zilivyokuwa za zamani, halafu bolti za amu zishikize tu gari ikiwa juu, shusha gari itulie kwa uzito wake, hapo ndo ukaze mwisho. Ukikaza tairi zikiwa zinaning'inia, raba inafungwa ikiwa imenyooka, gari ikishuka inabaki imejipinda muda wote na inachanika mapema, kisha lawama zote anabebeshwa muuza spea. Simama hapo hapo uangalie, fundi wengi wanakazia juu kwa juu.

Tairi ukirudisha, nati zake ni namba 21 na kwenye hizi Toyota ndogo zinakazwa Nm 103, siyo kusimama juu ya spana. Umegusa taidrodi, amu au shokapu, nenda alaimenti, kunyoosha mwelekeo wa tairi, siku hiyo hiyo. Umebadilisha linki tu, alaimenti haihusiki, usilipie.