Kupima kama kioevu kilichokuza seli kinaua saratani kweli

Seli za saratani zikifa baada ya kuwekewa kioevu kilichokuza seli nyingine (kioevu cha lishe ambamo seli hizo ziliishi na kumwaga kemikali zao), usikimbilie kusema umepata dawa. Huenda zimekufa njaa. Kioevu hicho kimeshaliwa glukosi na kujaa asidi ya laktiki. Seli yoyote ingedhoofika humo.

Kwanza pima mikoplazma, bakteria wadogo sana wanaochafua seli za maabara, kwa PCR (kipimo cha kunakili na kutambua DNA), kwa seli zinazotoa kioevu na kwa seli za saratani. Bakteria hawa hawaonekani kwa hadubini ya kawaida, penisilini haiwagusi kwa kuwa hawana ukuta wa seli, na wanaweza kupenya hata kichujio cha maikromita 0.22. Baadhi yao humaliza arginini (asidi amino ambayo seli huitumia kujenga protini), na seli nyingi za saratani hazivumilii kuikosa. Ukiruka kipimo hiki, waweza kuhangaika miezi na kazi ya bakteria.

Seli zinazotoa kioevu zikishafunika asilimia 80 ya chupa, zioshe mara 3 kwa PBS (maji ya chumvi yasiyodhuru seli) kuondoa seramu, yaani majimaji ya damu ya mnyama yanayotiwa kulisha seli. Weka kioevu kisicho na seramu, kisha acha saa 24 kwenye nyuzi 37 na kaboni dioksidi asilimia 5. Usipitishe saa 48, maana seli zenyewe huanza kufa na kumwaga vimeng'enya. Zungusha kwenye sentrifuji kwa 300 g (nguvu mara 300 ya mvutano wa dunia) dakika 10, halafu 2,000 g dakika 20, chuja, gawa kwenye vichupa vidogo na uhifadhi kwenye nyuzi −80. Kichupa kikishayeyuka, usikigandishe tena.

Panda seli 5,000 za saratani katika kila kishimo cha sahani ya vishimo 96, ziache usiku kucha zishike. Vishimo vya pembezoni hukauka upesi, hivyo vijaze PBS tu. Kesho yake ondoa kioevu cha zamani, uweke maikrolita 100 za sampuli iliyochanganywa nusu kwa nusu na kioevu kipya chenye seramu, ili chakula kisikosekane. Sambamba nayo weka kioevu kilichokaa inkubeta muda uleule bila seli, na kingine kilichotoka kwa fibroblasti (seli za tishu unganishi) za kawaida. Bila hivi viwili, matokeo hayana maana. Ongeza pia vishimo vya seli zisizo na saratani.

Baada ya saa 48 tia maikrolita 10 za MTT, rangi ya njano ambayo seli hai huigeuza fuwele za zambarau (miligramu 5 kwa mililita), subiri saa 3 hadi 4, kisha nyonya kioevu taratibu, ncha ya pipeti ikiegemea ukuta wa kishimo. Fuwele za zambarau zimelala chini. Ukizivuta, usomaji unashuka na utadhani seli zimekufa. Ziyeyushe kwa maikrolita 100 za kiyeyushi cha DMSO, usome mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 570.

MTT hupima shughuli za seli, si kifo. Thibitisha kwa aneksini V na propidiamu iodidi, vitia-rangi vinavyoonyesha seli zinazokufa na zilizokufa. Kisha pitisha sampuli kwenye kichujio cha kilodaltoni 3 (kipimo cha uzito wa molekuli). Glukosi na laktiki hupita, protini hubaki juu. Rudisha kilichobaki kwenye kioevu kipya: kikiendelea kuua seli za saratani, njaa si sababu tena.