Kushona msala wa ukindu bila kuvimba katikati

Mwambaoni kila kitandiko kina mahali pake: jamvi la miyaa (majani ya mkoma) la hadhara, mkeka wa kulalia na kukaribishia mgeni, msala wa kusalia. Msala wa asili ni wa duara refu, na umbo hilo ndilo linalowashinda wengi. Kusuka ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa kuwa msala, wanajua. Kuuzungusha ukalala sakafuni ndiyo shughuli. Vipimo hapa ni vya msala wa sentimita 120 kwa 65.

1. Ukindu. Kata chipukizi la katikati la mkindu kabla halijafunguka, na usimalize machipukizi yote ya kichaka kimoja. Chambua, anika juani mpaka uwe mweupe na ulie ukiushika. Jioni uingize ndani, umande huuachia madoa.

2. Rangi. Chemsha ukindu kwenye maji ya rangi yenye chumvi kidogo, kisha uanike kivulini. Zamani nyeusi ilitoka kwenye mizizi ya mdaa. Kwa msala rangi mbili zinatosha, na ziwekwe pembeni. Anaposujudu mtu pabaki peupe, jicho lisivutwe na nakshi.

3. Ukili. Chana kindu kwa ukucha, upana wa milimita 4. Suka ukili mwembamba wa kindu 5, mita 3, halafu mpana wa kindu 11, mita 22 na moja ya akiba. Wa kindu 11 huenda juu ya mbili, chini ya mbili, na hutoka upana wa sentimita 3 hivi. Ukindu mpya ulale juu ya unaokwisha kwa sentimita 5, na usiunge miwili mahali pamoja. Usiuloweke: ufunge kwenye kitambaa kibichi tu. Uliolowa chepechepe huvimba, na ukikauka husinyaa ukaacha mianya.

4. Kushona. Tumia shazia, sindano kubwa ya kushonea mikeka, na uzi wa miyaa uliosokotwa. Nailoni ni nyepesi kutumia, lakini hukata kingo za ukindu kadiri msala unavyokunjwa. Pitisha shazia chini ya mkunjo wa ukingo huu, kisha wa ukingo wa jirani, uvute mpaka zikutane bila kupandana.

Anza na kipande kilichonyooka. Urefu wake ni urefu wa msala ukitoa upana: 120 kutoa 65, yaani sentimita 55. Ukianza na kipande kirefu zaidi, msala utakuwa mrefu na mwembamba, na hakuna namna ya kuurekebisha baadaye.

Sasa vichwani, unapogeuka. Ukili wa sentimita 3 ukizunguka nusu duara, ukingo wa nje huhitaji sentimita 9 na nusu zaidi ya ule wa ndani. Hesabu hiyo haibadiliki, iwe mzunguko wa kwanza au wa mwisho, ila mizunguko ya mwanzo tofauti hiyo yote inabanwa mahali padogo. Ndiyo maana kipande cha kati na mizunguko miwili ya kwanza iwe ya ukili mwembamba. Ukifika kwenye mpana, unyunyizie maji kichwani tu, uvute ukingo wa nje kwa kidole gumba na usukume wa ndani ujikusanye. Ukili unakubali kwa sababu umesukwa mshazari. Ulionyooshwa sana wakati wa kusuka haukubali.

Kila mzunguko ukiisha, laza kazi sakafuni na ubonyeze kwa kiganja. Katikati pakiinuka kama kawa la kufunikia chakula, umevuta ukili mno vichwani. Ukingo ukifanya mawimbi, umeulegeza mno. Fumua mzunguko huo tu, hapo hapo. Kuendelea ukitumaini mzunguko ujao utasawazisha huongeza kasoro, na kuweka mawe juu yake usiku kucha hakusaidii. Ukiondoa mawe, inarudi. Pande zilizonyooka zishone zikiwa kavu, bila kuvuta.

5. Kumalizia. Ukibakiza shubiri mbili, punguza kindu mojamoja mpaka ukili uishie kwenye ncha, ufiche ncha chini ya mzunguko uliotangulia. Kata masazo kwa mkasi. Anika kivulini siku nzima ukiwa umelazwa, ndipo uukunje.