Trekta kuukuu limekosa kompresheni? Usikimbilie kushusha injini

Matrekta mengi ya Massey Ferguson 135 yanayolima Uasin Gishu na Trans Nzoia, Kenya, yana umri kuwazidi wanaoyaendesha. Modeli hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1964, na injini yake ya dizeli, Perkins ya silinda tatu, haichoki upesi. Ikichoka, hujulikana asubuhi yenye baridi: unapiga stata, moshi mweupe unatoka kwenye ekzosi, injini haishiki. Moshi huo ni dizeli iliyofika ndani ikakosa joto la kuiwasha. Kama hakuna moshi wowote, dizeli haifiki. Toa hewa kwenye mabomba ya mafuta kwanza.

Joto la kuwasha hutokana na hewa kubanwa kwa kasi ndani ya silinda; huko kubanwa ndiko kompresheni. Stata ikizunguka kwa uvivu, hata injini mpya itakataa. Kwa hiyo chaji betri, safisha vichwa vyake na waya wa athi kabla ya kumwita fundi. Kisha fungua kava la valvu upime nafasi ya valvu kwa fila geji, vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia mwanya: milimita 0.30 injini ikiwa baridi. Valvu isiyo na nafasi haifungi sawasawa, hewa inapenya. Wapo walioshushiwa injini nzima kwa kazi ya spana na bisibisi tu.

Sasa pima kompresheni. Geji ya petroli haifai hapa, itaharibika. Tafuta ya dizeli inayofika paundi 1,000 kwa inchi mraba. Toa nozeli, ile inayopulizia dizeli ndani ya silinda, funga geji mahali pake, vuta kishikio cha kuzimia ili mafuta yasiingie, piga stata mpaka mshale utulie. Usishtuke ukipata pungufu ya namba ya kitabu. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na injini ileile itasoma karibu moja ya tano chini ya itakavyosoma Mombasa. Cha kuangalia ni silinda kwa silinda. Mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, shuku gasketi ya hedi, inayoziba kati ya bloku na hedi, na zaidi ukiona rejeta inatoa mapovu.

Silinda moja ikiwa dhaifu, tia oili kijiko kimoja cha chai kupitia tundu la nozeli, upime tena. Usizidishe: pistoni ikifika juu, nafasi inayobaki haifiki mililita 50, na oili haibanwi kama hewa; itapinda konrodi, mkono unaoshika pistoni. Kipimo kikipanda, ringi (pete za pistoni) na slivu (mrija ambamo pistoni hupanda na kushuka) zimelika, na mara nyingi utakuta briza, tundu la kupumulia la injini, nayo inapumua moshi. Kisipopanda, tatizo ni valvu au gasketi.

Kazi ya valvu si ghali sana. Hedi itolewe, valvu zisagwe kwa pesti, gasketi iwe mpya, boliti zikazwe kwa toki renchi kuanzia katikati kwenda pembeni.

Kwenye ringi ndipo wakulima wanapopoteza pesa. Kuna mafundi watakaobadilisha ringi peke yake wakakurudishia trekta linawaka vizuri, msimu mmoja. Mwambie fundi aingize ringi mpya ndani ya slivu bila pistoni, apime mwanya wa ncha zake juu na chini. Juu ukiwa mpana kuliko chini kwa tofauti kubwa, slivu imekwisha. Slivu za injini hii ni kavu, hutolewa na kuingizwa kwa presi, kwa hiyo bloku iende karakana yenye mashine. Nyundo hapana.

Na etha ya kupulizia ili injini iwake, ambayo vijana wanaipenda, inavunja ringi. Kwenye manifoldi (bomba la kuingizia hewa) yenye kifaa cha kupasha hewa moto ni hatari ya mlipuko.

Kabla ya kuwasha injini iliyotengenezwa, pangusa kidole ndani ya mpira unaotoka kwenye filta ya hewa. Ukipata vumbi, umeona kilichokula ringi za kwanza. Januari na Februari, mashamba yakiwa makavu, bakuli la oili la filta likaguliwe kila siku, na mpira uliopasuka ubadilishwe badala ya kufungwa kwa utepe.

Injini mpya isiachwe ikiunguruma bila kazi kutwa. Ringi hukaa kwenye slivu kwa mzigo. Ipe haro nyepesi kwanza, plau baadaye, na usingoje ratiba ya kawaida kumwaga oili ya kwanza.