Wilson hadi Lamu: kukokotoa umbali na muda wa safari ya ndege

Usishangae ukiona umbali wa Nairobi na Lamu umeandikwa kwa tarakimu tofauti. Nairobi ina viwanja viwili vya abiria, Wilson na Jomo Kenyatta, na kati yao kuna kilomita 12 hivi. Halafu wapo wanaochanganya maili: kilomita 467 ni maili 290 za nchi kavu, lakini ni 252 tu za baharini, ambazo ndizo za marubani.

Hesabu yenyewe haihitaji programu. Wilson iko latitudo 1.32 kusini, longitudo 36.81 mashariki, uwanja wa Manda, kisiwa jirani na Lamu ambako ndege za Lamu hutua, ni 2.25 na 40.91. Toa: unabaki na 0.93 na 4.10. Zidisha kila moja kwa 111, upate kilomita 103 kusini na 455 mashariki. Zipige kipeo cha pili, zijumlishe, kisha tafuta kipeuo: 467. Njia hii inafaa kwa sababu tuko karibu na Ikweta, ambapo digrii ya longitudo inakaribia kulingana na ya latitudo. Kwa safari ya London itakudanganya vibaya.

Sasa muda. Ndege aina ya Dash 8 hukata kama kilomita 500 kwa saa, yaani dakika 56. Ile ndogo, Cessna Caravan, hukata kama 300, yaani saa 1 na dakika 33. Ongeza robo saa ya kutambaa uwanjani, kupanda na kushuka. Upepo wa mbele humuumiza zaidi aliye mzito wa mwendo: kilomita 40 kwa saa humwongezea Dash dakika 5 tu, lakini Caravan 14. Na msipime kwa kusi au kaskazi mnayoiona kwenye matanga. Huko juu upepo huweza kuwa mwingine kabisa.

Ndege ikipitia Malindi, njia inakuwa 422 na 141, jumla 563. Hizo 96 za ziada si neno. Kinachokula muda ni kutua, kushusha watu na kuruka tena, kwa hiyo weka nusu saa nzima au zaidi. Uliza kabla ya kulipa.

Saa ya tiketi ni ya kizungu: 13:00 ni saa saba mchana, 07:00 ni saa moja asubuhi. Unapomwagiza mtu wa boti, taja ya Kiswahili na useme asubuhi au mchana.

Maana ukitua Manda bado hujafika Lamu. Kusubiri mizigo, kutembea hadi gatini na kuvuka mlango wa bahari huchukua nusu saa hadi dakika 45, na zaidi ukihitaji hamali. Ndege ndogo nyingi huruhusu kilo 15 kwa abiria. Mkoba laini huingia kwa urahisi kuliko sanduku gumu, kwani sehemu ya mizigo ni finyu.